Nafasi ya Neno: Mhadhara juu ya Mazoezi ya Sarufi ya Kiingereza



Nimetakiwa niseme mbele ya hadhira hii juu ya jambo ambalo kila aliyepita shule hudhani amelijua akalimaliza, nalo ni sarufi ya Kiingereza: aina za maneno, virai, na ruwaza za sentensi. Kanuni zenyewe vitabu vimekwisha kuzisema kwa ufasaha kuliko niwezavyo mimi, basi sitazirudia moja baada ya moja. Ninayo hoja moja tu, na muda niliopewa nitautumia kuieleza na kuitolea ushahidi: kwamba Kiingereza ni lugha ambayo neno hupata cheo chake kwa mahali linapokaa, ilhali Kiswahili ni lugha ambayo aghalabu neno huchukua alama ya cheo chake mwilini mwake, na kwamba mwanafunzi wetu, akifunzwa kuvitaja vyeo bila ya kuzoezwa mahali, atayahifadhi majina yote ya sarufi na asiweze kuandika barua moja iliyonyooka.

Ushahidi wa maneno haya tunauona kila siku katika madaftari. Muulize mwanafunzi wa kidato cha pili kitenzi ni nini, atakujibu bila kusita kwamba ni neno lielezalo tendo au hali. Mpe orodha ya maneno kumi ya Kiingereza, atazitenga nomino huku na vivumishi kule asikosee hata moja. Kisha mwambie aandike kwamba mwalimu alimweleza maana ya methali, naye ataandika "The teacher explained me the meaning", akiwa na yakini kwamba hakuvunja kanuni yoyote, na kwa hakika kanuni alizofundishwa hakuvunja hata moja. Kila neno katika sentensi ile ni la aina yake na limeandikwa kwa herufi zake. Kosa limekaa mahali ambapo orodha ya aina za maneno haifiki, na huko ndiko ninakotaka twende pamoja jioni hii.

Asili ya makundi ya maneno

Desturi ya kuyagawa maneno kwa makundi ni kongwe, na ni haki tuiheshimu kabla ya kuitia dosari. Katika mji wa Iskandaria, karne ya 2 kabla ya Masihi, Dionysius Thrax alinasibishwa na kitabu kidogo kilichoyapanga maneno ya Kiyunani katika makundi manane. Warumi walipoipokea ilimu hiyo waliona kwamba Kilatini hakina kibainishi cha mfano wa kile cha Wayunani, wakaliondoa kundi hilo. Na hesabu isipungue nane, wakakipa kihisishi kundi lake peke yake. Huko Basra nako, katika karne ya 8 ya Miladi, Sibawayhi alikifungua kitabu chake kikubwa cha nahau ya Kiarabu kwa kuyagawa maneno mafungu matatu tu: ismu, fiili na harufi, na mgawanyo huo ndio uliomo katika Ajurrumiyya, mukhtasari wa Ibn Ajurrum wa Fez aliyefariki mwaka 1323, ambao vijana wengi wa mwambao wetu wameuhifadhi kwa moyo mbele ya masheikh wao.

Nane kwa Wayunani, tatu kwa Waarabu: tafauti hii yatosha kutuonyesha kwamba makundi ya maneno yalipatikana kwa kuitazama lugha fulani na kuona maneno yake yanatenda kazi gani. Waingereza walichelewa kuitazama ya kwao. Kitabu cha kwanza kilichochapwa juu ya sarufi ya Kiingereza kiliandikwa na William Bullokar mwaka 1586, na kwa muda mrefu waliomfuata walikipima Kiingereza kwa vipimo vya Kilatini, kwa kuwa Kilatini ndicho kilichokuwa ilimu na sarufi nyingine haikuwa na heshima. Lindley Murray, mzaliwa wa Pennsylvania aliyehamia Uingereza, alitoa sarufi yake mwaka 1795 kwa ajili ya shule ya wasichana ya mji wa York, akahesabu makundi tisa. Na kitabu chake kilipigwa chapa tena na tena pande zote mbili za bahari ya Atlantiki, hata njia yake ikawa ndiyo njia ya shule: kukariri maana ya kila kundi, kisha kuichukua sentensi na kuichambua neno kwa neno, hili nomino, hili kitenzi, hili kihusishi.

Njia hiyo ina manufaa yake, kwa sababu fundi asiyejua majina ya zana zake hawezi kufundisha mwanagenzi. Lakini ilitoka katika lugha ambayo mwisho wa neno husema neno hilo lina kazi gani, ikaletwa katika lugha ambayo miisho hiyo ilikuwa imekwisha kutoweka.

Lugha iliyopoteza miisho yake

Katika zama za Mfalme Alfred, karne ya 9, Kiingereza kilikuwa na miisho mingi, na neno la kumtaja mfalme lilitanguliwa na "se" likiwa mtenda na "þone" likiwa mtendwa, hata mpangilio wa maneno ukawa na uhuru mkubwa. Kisha sauti za mwisho wa neno, ambazo hazikuwa na mkazo, zikaanza kufifia. Watu wa kaskazini waliotoka ng'ambo ya bahari wakakaa pamoja na Waingereza, lugha zao zikiwa za ukoo mmoja ila miisho mbalimbali. Na baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, Kiingereza kikakaa karne nyingi kikisemwa zaidi ya kuandikwa, na walioshika enzi wakiandika Kifaransa na Kilatini. Alipofariki mshairi Chaucer mwaka 1400, miisho iliyobaki ilikuwa michache, na leo hatunayo ila masalia: ile "s" ya wingi na ya umilikaji, tafauti ya "he" na "him", na akali ya alama za vitenzi. Kazi iliyoachwa na miisho haikupotea, bali ilihamia katika mpangilio wa maneno na katika maneno madogo madogo kama "to", "of", "for", "the" na "do".

Walimu wa nahau ya Kiarabu wana mfano wao mashuhuri, "daraba Zaydun Amran", Zaidi alimpiga Amri. Ukigeuza mpangilio ukamweka Amri mbele, bado aliyepigwa ni Amri, kwa sababu alama ya mtenda na ya mtendwa ziko mwishoni mwa majina yao. Kiswahili nacho kina ulinzi wake. Sema "mtoto alikisoma kitabu", au ugeuze useme "kitabu alikisoma mtoto", na msikilizaji hatababaika, maana "a" ya kitenzi yamwelekea mtoto na "ki" yakielekea kitabu. Sasa chukua Kiingereza, "The child read the book", uyabadilishe mahali majina yale mawili: "The book read the child". Hakuna herufi iliyozidi wala iliyopungua, na kitabu kimekuwa msomaji.

Wala si kazi ya neno tu inayotegemea mahali. Hata kundi lake hutegemea papo hapo. Tazama neno "back". Katika "my back aches" ni nomino, nasi twasema mgongo. Katika "the back door" ni kivumishi, nasi twasema mlango wa nyuma. Katika "come back" ni kielezi, nasi twasema rudi. Na katika "we shall back you" ni kitenzi, nasi twasema tutakuunga mkono. Kiswahili kimelazimika kuleta maneno manne, Kiingereza kimelihamisha moja. Mwalimu akiandika "back" peke yake ubaoni na kuuliza ni neno la aina gani, ameuliza swali lisilo na jawabu, na mwanafunzi atakayejibu upesi ndiye aliyefahamu kidogo.

Mmarekani Charles Fries aliliona jambo hili. Katika kitabu chake cha mwaka 1952 juu ya muundo wa Kiingereza, alichokitunga kwa kusikiliza mazungumzo ya simu yaliyonaswa, aliziweka kando fasili za zamani za kusema nomino ni jina la kitu, akachukua sentensi fupi, akaacha pengo ndani yake, na kila neno lililoweza kulijaza pengo lile akalihesabu kuwa la kundi moja. Mwalimu yeyote aweza kuifanya kazi hiyo kwa chaki. Aandike "The ____ was good" aone wanafunzi watalijaza kwa nini. Kisha aandike "The food was ____", na papo hapo watatambua, bila fasili yoyote, kwamba maneno ya pengo la kwanza na ya pengo la pili ni koo mbili tafauti.

Kirai na kichwa chake

Mtu hasemi kwa neno moja moja. Kati ya neno na sentensi pana daraja la katikati, yaani kirai, fungu la maneno linalotenda kazi moja kama neno moja, na daraja hili ndilo linalopuuzwa kupita yote katika madarasa yetu. Nitachukua kirai kimoja nikiangalie kwa makini: "those two big new clay water jars". Sisi twasema: mitungi ile miwili mikubwa mipya ya udongo ya kutilia maji.

Mambo mawili yaonekana mara moja. La kwanza ni kwamba Mswahili ameanza na mtungi, na msikilizaji amejua toka neno la kwanza kwamba habari ni ya mitungi, yaliyofuata yakawa ni kuipambanua. Ilhali Mwingereza ameuficha mtungi hata mwisho, na msikilizaji wake sharti asubiri na kuyachukua kichwani maneno sita kabla ya kujua yanamsifu nani. La pili ni kwamba mtungi wa Mswahili umewatia alama wafuasi wake wote, "ile", "mi", "mi", "mi", "ya", "ya", na kila mmoja ajulikana ni wa nani; mtungi wa Mwingereza haukumtia alama yeyote ila "those", ambalo lingekuwa "that" kama mtungi ungekuwa mmoja. Waliobaki hawana kitambulisho zaidi ya foleni yao. Ndiyo maana foleni ya Kiingereza ni kali: idadi kabla ya ukubwa, ukubwa kabla ya upya, upya kabla ya kitu kilichotumika kutengenezea, na kitu hicho kabla ya matumizi, na anayesema "clay new two jars" hakukosea neno lolote, amekosea foleni.

Zoezi lake ni kukikuza kirai kutoka kichwani kwenda nyuma. Mwalimu huandika "jars" upande wa kulia wa ubao, na darasa huongeza neno moja moja kuelekea kushoto: "water jars", "clay water jars", "new clay water jars", mpaka "those". Kisha huwauliza: kwa kiwakilishi "they" tutafuta wapi? Wengi watafuta "jars" peke yake, na wakijaribu kusoma yaliyobaki, "those two big new clay water they", watacheka wenyewe. Kiwakilishi hufuta kirai kizima. Jina lenyewe la kundi hili katika vitabu hudanganya, kwani hutufanya tuamini kwamba huwakilisha nomino moja, kumbe husimama mahali pa fungu zima pamoja na wafuasi wake.

Kichwa cha kirai ndicho kinachokiamuru kitenzi, na hapa napenda kuwapa walimu silaha ambayo tayari wanayo nyumbani. Mara nyingi tunasahihisha "The keys of the cupboard is lost", kosa la mwanafunzi aliyevutwa na nomino iliyo karibu na kitenzi akakisahau kichwa. Lakini mwanafunzi huyo huyo, tangu alipokuwa mdogo, hajapata kusema "funguo za kabati limepotea". Atasema zimepotea, kwa sababu masikio yake yajua kwamba aliyepotea ni ufunguo na si kabati. Kanuni anayo. Asichokuwa nacho ni habari kwamba ile kanuni ya Kiingereza inayomsumbua ni hiyo hiyo ya kwake.

Vivyo hivyo kwa "a" na "the", vibainishi vinavyowatesa wanafunzi wetu kwa kuwa Kiswahili hakina maneno ya namna hiyo. Hatuna maneno hayo, lakini maana yake tunayo. Mtu akisema "nimesoma kitabu", aghalabu huwa anakitaja kwa mara ya kwanza, nawe waweza kumwuliza kitabu gani. Akisema "nimekisoma kitabu", ni kitabu mnachokijua nyote wawili. Basi "I have read a book" iko karibu na ile ya kwanza na "I have read the book" iko karibu na ile ya pili, na kiambishi "ki" kimefanya sehemu ya kazi ya "the". Haitoshi kumaliza shida zote za vibainishi, maana Kiingereza kina mazoea yake yasiyofuata mantiki ya mtu. Lakini yatosha kumfahamisha mwanafunzi kwamba haulizwi jambo geni kwa akili yake. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao, nami naona mbachao wa sarufi ya Kiswahili umeachwa nje ya mlango wa darasa la Kiingereza bila sababu.

Ruwaza za sentensi

Mnamo mwaka 1922 Wizara ya Elimu ya Japani ilimwalika Harold Palmer, Mwingereza, aje Tokyo kutoa shauri juu ya kufundisha Kiingereza, na mwaka uliofuata ikaasisiwa taasisi ya utafiti aliyoiongoza. A. S. Hornby alifika Japani mwaka 1924 kufundisha katika chuo cha Oita, akaingia katika kazi hiyo. Watu hawa walifundisha wanafunzi ambao lugha yao ilikuwa mbali na Kiingereza kama yetu ilivyo mbali, au zaidi. Nao walitambua kwamba shida kuu ya mgeni si maana ya kitenzi bali jamaa zake, yaani kitenzi hiki chakubali kufuatwa na nini na chakataa nini. Matunda ya kazi hiyo yalikuwa kamusi ambayo Hornby aliitunga pamoja na Gatenby na Wakefield, ikachapwa Tokyo mwaka 1942, na mwaka 1948 ikatolewa upya na Oxford. Ndani yake kila kitenzi kiliwekewa alama ya ruwaza zake, na ruwaza zenyewe zilikuwa 25. Baadaye Randolph Quirk na wenzake watatu, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, walizikusanya namna za kishazi cha Kiingereza katika aina saba tu.

Aina hizo saba zaweza kuandikwa ubaoni zikaonekana zote kwa mara moja. "The baby slept": kiima na kitenzi, basi. "The sea is rough": kiima, kitenzi, na kijalizo kinachomsifu kiima. "The boat is in the harbour": badala ya sifa pamekuja chagizo ya mahali, na ikiondolewa sentensi huanguka. "The fisherman mended his net": kitenzi na shamirisho. "Mother gave the guest water": mashamirisho mawili, mpewa na kilichotolewa. "They named the child Juma": shamirisho na kijalizo chake. "He put the lamp on the table": shamirisho na chagizo isiyoachika. Sentensi ndefu za magazeti na za vitabu vya sheria, ukizipunguza mapambo yake, utaikuta moja ya hizi saba imesimama ndani, au kadhaa zilizounganishwa.

Namna ya tano ndiyo yenye mitego kwa Mswahili, na hapa nitakawia. Kiswahili kina kauli ya kutendea, ile "ia" na "ea" inayokiongezea kitenzi mtu wa pili wa kumhusu, na kauli hii haibagui vitenzi: alinipikia wali, aliniimbia wimbo, alinifungulia mlango, alinichukulia mzigo, alinielezea habari. Mwenye lugha hii akikutana na "She cooked me some rice" na "She sang me a song", hufurahi akaona kwamba Kiingereza nacho kina kauli ya kutendea isiyoonekana, na kwa kiasi ni kweli. Ndipo asemapo "He opened me the door", "He carried me the load" na "He explained me the matter", na zote tatu zimekataliwa. Sharti aseme "opened the door for me", "carried the load for me", "explained the matter to me". Kitenzi cha Kiswahili hujichukulia ruhusa kwa kiambishi. Kitenzi cha Kiingereza kina ruhusa kiliyozaliwa nayo, au hakina, na kisichokuwa nayo hukodi "to" au "for". Hakuna fasili ya kitenzi iwezayo kumwambia mwanafunzi kwamba "give" anayo na "explain" hana. Ni habari ya kila kitenzi peke yake, na haipatikani ila kwa kukutana na kitenzi hicho ndani ya sentensi yake, mara kwa mara, mpaka ulimi uizoee.

Mheshimiwa Mwenyekiti atanisamehe nikichukua mfano wa cheo chake. "They made him a chair" na "They made him chairman" zaonekana kwa macho kama ndugu wa baba mmoja, lakini ya kwanza ni ya namna ya tano na ya pili ni ya namna ya sita: walimtengenezea kiti, na walimfanya mwenyekiti. Katika ya kwanza yule mtu na kiti ni vitu viwili. Katika ya pili yule mtu na mwenyekiti ni mmoja. Kiswahili kimezitenga kwa umbo la kitenzi, Kiingereza kimemwachia msomaji azitenge kwa kujua ruwaza. Mwanafunzi anayezisoma sentensi hizi akatambua tafauti yao amefahamu sarufi kuliko yule aliyezihesabu nomino zake.

Nitapita upesi juu ya mengine mawili yanayofanana na haya. "Nataka uende" imezaa "I want that you go" katika insha nyingi, kwa kuwa mwanafunzi ametafuta kishazi mahali ambapo "want" hudai mtu na "to": "I want you to go". Na "He did not went" imezaliwa na kusahau kwamba alama ya wakati hukaa mahali pamoja tu. "Did" akiisha kuichukua, "go" hubaki mtupu. Mwulize mtoto kama "alienda" hukanushwa kwa kusema "hakulienda", atakucheka. "Li" imeondoka ikaja "ku", wala hazikai pamoja. Mwonyeshe kwamba ndivyo ilivyo kwa "did" na "went".

Namna ya kuzoeza

Mazoezi ya ruwaza yana chombo chake cha zamani, jedwali la kubadilishana, ambalo Palmer alilitumia sana. Weka safu tatu. Ya kwanza iwe na "The fisherman", "My mother" na "Those two boys". Ya pili "bought", "sold" na "mended". Ya tatu "a net", "the old basket" na "some fish". Kila neno la safu moja laweza kukutana na kila neno la safu nyingine, zikatoka sentensi 27 kwa maneno machache sana, na mwanafunzi mwenye haya, ambaye haombi kusema darasani kwa kuogopa kuchekwa, ana sentensi 27 za kusema akiwa na amani kwamba foleni yake haina kosa.

Lakini jedwali hilo likiachwa hapo huwa kazi ya kinu. Mwalimu hodari atauliza swali moja zaidi: kati ya 27 ni zipi ambazo sarufi imezikubali na akili imezikataa? Watatafuta, na watazikuta tatu, zile za kushona samaki, kwa kuwa "mended" na "some fish" haviendi pamoja hata mtenda awe nani. Zimebaki 24. Na katika kutafuta zile tatu wamezisoma zote kwa maana. Kisha awaamuru wazigeuze 24 hizo ziwe maswali, ziwe za kukanusha, ziwe za kutendwa, "The old basket was sold by my mother", waone ni nini kimehama na ni nini kimebaki. Kisha afute safu moja, waijaze kwa maneno yao. Kisha afute zote, abakishe namna tu.

Wako watakaosema kwamba haya ni kufuga kasuku. Hoja hii naiheshimu, kwa maana nimeona madarasa ambamo jedwali limekuwa dhikiri isiyo na moyo. Lakini tazama jinsi watu wa mwambao wanavyojifunza kutunga. Anayetaka kuandika utenzi hapewi kwanza uhuru. Hupewa bahari yake, vipande vinne vya ubeti, mizani nane kwa kila kipande, vina vitatu vya kufanana na cha nne cha kujirudia beti baada ya beti, naye huzijaza mizani hizo kwa maneno ya kubahatisha mpaka masikio yake yakatae yenyewe kipande kilichopungua. Hapo ndipo anapopata nafasi ya kufikiri juu ya maana, kwa kuwa hesabu imekwisha kumwondokea kichwani. Ruwaza ya sentensi ni bahari ya Kiingereza cha nathari, na anayeshughulika kutafuta "to" ya "explain" katikati ya hoja yake hana wasaa wa hoja yenyewe.

Kuna jambo la mwisho katika kusahihisha. Kalamu nyekundu inayopiga mstari chini ya kila kosa bila ya kulitaja humvunja moyo mwandishi na haimfunzi. Afadhali makosa yatiwe alama kwa daraja zake tatu: kosa la neno, kwa mfano tahajia au wakati, kosa la kirai, kwa mfano foleni au kibainishi, na kosa la ruwaza. Insha tano zikisahihishwa hivyo, mwalimu na mwanafunzi wote wawili watajua maradhi yako daraja gani, na dawa haitapelekwa kwenye orodha ya nomino ilhali mgonjwa ni kitenzi.

Waungwana, aina za maneno zitabaki kufundishwa, na sitamani zifutwe. Ombi langu ni kwamba zifundishwe zikiwa ndani ya virai, na virai vikiwa ndani ya ruwaza. Basi mwalimu na aanze na jambo jepesi lisilohitaji kitabu kipya wala fedha ya serikali: kila kitenzi kipya atakachokiandika ubaoni, asikiandike peke yake. Asiandike "explain"; aandike "explain something to somebody". Asiandike "want", aandike "want somebody to do something". Na pembeni aandike namna Kiswahili kinavyolisema jambo hilo hilo, ili tafauti ionekane kwa macho. Shule itakayofanya hivyo kwa mwaka mmoja itakuwa na daftari la vitenzi lililoandikwa kwa mikono ya wanafunzi wake wenyewe, na mwaka wa pili walimu wataona kwamba wanatumia muda mfupi zaidi kusahihisha lugha, na mrefu zaidi kusoma mawazo ya watoto.